Ami, ninunue hedifoni au friza?

Assalaam alaykum Ami,

Mimi ni kijana wa miaka 29, nakaa Michenzani, hapa Unguja, ghorofa ya nne. Asubuhi nafundisha skuli. Usiku na siku za mapumziko narekodi kasida, maulidi na harusi, kisha nazitengeneza kwenye laptopu. Studio sina. Nina chumba cha nyuma, magodoro mawili niliyoyasimamisha ukutani, maiki moja, na hedifoni niliyoinunua Mlandege miaka minne iliyopita kwa elfu 85.

Hedifoni yenyewe sasa imechoka. Mito yake imebanduka, na kila nikiivua mke wangu hucheka kwa vigamba vyeusi vilivyonijaa masikioni na ndevuni. Upande wa kulia unakatakata, mpaka niukunje waya karibu na jeki kwa namna ninayoijua mimi peke yangu, ndipo sauti irudi. Hayo nimeyazoea. Lililoniuma ni la mwezi uliopita. Nilirekodi kasida za madrasa moja, nikakesha nazo siku tatu, masikioni mwangu zikawa tamu. Zilipopigwa ukumbini dufu likavuma kama mtu anayegonga mlango wa bati, sauti za watoto zikazama. Maalim wao ni mpole, hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, hapa naona dufu ndilo linaloimba." Nilitamani ardhi inimeze. Nikaisikiliza tena ndani ya gari ya rafiki yangu: yale yale. Na hii si mara ya kwanza.

Rafiki yangu huyo anasema niachane na waya, ninunue za Bluetooth zinazozuia kelele, kama zake. Muuza duka mmoja naye ameniwekea Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 250, anataka 620,000. Anasema ohm zikiwa nyingi ndiyo ubora wenyewe. Nimeshamwachia elfu 50 asimuuzie mtu mwingine.

Pesa ninayo, ila ina mwenyewe. Mwezi huu zamu yangu ya upatu imefika, nimepokea laki nane. Mimi na mke wangu tulikubaliana tangu mwanzo kuwa ni za friza, ili auze barafu na juisi hapa hapa nyumbani. Nilipomwambia kwamba hedifoni ndiyo kazi yangu na friza inaweza kungoja, hakunijibu. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula kimya kimya. Na Mfunguo Sita unakaribia, nimeshaahidi maulidi matatu.

Kuna mengine mawili madogo. Nikimaliza kazi usiku masikio yanalia vyiii mpaka nilale. Na baadhi ya rekodi zangu zina mvumo wa chini kwa chini, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Hedifoni mpya itaviondoa?

Mwanao,
Mrekodi wa Michenzani

---

Waalaykumu salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nacheka, maana jibu unalo, umelibeba ndevuni.

Hivyo vigamba vyeusi ndivyo vilivyokuaibisha mbele ya Maalim. Hedifoni yako ni ya kufunika sikio, na hedifoni za namna hiyo hazitoi besi kwa spika peke yake. Zinaitoa kwa spika pamoja na ile hewa kidogo iliyofungiwa baina ya spika na sikio lako. Mto mzima huiziba hewa hiyo pande zote. Mto ukibanduka, ukabonyea, ukapasuka, hewa inavuja, na inapovuja besi ndiyo inayoondoka mwanzo. Sauti za juu, kama njuga na herufi za "s", hubaki zinakufikia bila taabu. Sasa wewe umekaa usiku peke yako, dufu hulisikii sawasawa. Unafanyaje? Unalipandisha. Bado limepwaya, unalipandisha tena. Masikioni mwako limekaa pahala pake, ndani ya faili limeshakuwa jitu. Likifika kwenye spika za ukumbi, ambazo hazina mto wa kuvuja, linatoka lote kama ulivyolilisha.

Usiniamini kwa maneno. Leo usiku fungua rekodi unayoijua kwa moyo, isiyokuwa yako, iwe na udi au kibodi yenye besi ya kueleweka. Ipige kwa sauti ya wastani. Weka viganja juu ya vikombe vyote viwili vya hedifoni, uvibane taratibu kichwani, kisha uachie. Bana, achia. Ukibana besi ikaja kama mtu aliyefunguliwa mlango, na ukiachia ikaondoka, ugonjwa ni mito. Halafu fungua ile kasida ya madrasa ubane vivyo hivyo. Utamsikia Maalim. Kama unavaa miwani fanya jaribio hili ukiwa umeivaa na ukiwa umeivua, kwani mkono wa miwani nao huinua mto ukaacha upenyo.

Nakuambia kwa yakini kwa sababu nami nimeungua hapo hapo. Nimekaa nyuma ya mikisa za harusi, ile mitambo ya kuchanganya sauti, miaka mingi. Kuna usiku mmoja, Ng'ambo, nilikuwa na hedifoni kuukuu ambayo mto wa kushoto nimeushikiza kwa plasta. Nilimpandisha mpiga kibodi, nikampandisha, hadi shangazi yake bibi harusi akaja mwenyewe nyuma ya mitambo, hakunitazama hata usoni, akasema vikombe vya kahawa vinatembea kwenye sinia. Siku ya pili nilikwenda kutafuta mito.

Kwetu mito haidumu, nawe usijilaumu. Ile ngozi ya bandia ni utando mwembamba uliobandikwa juu ya kitambaa, na adui zake ni jasho, mafuta ya nywele na unyevu. Huku visiwani, vitu hivyo vyote vitatu tunavyo mwaka mzima. Sponji ya ndani nayo hulika kwa unyevu wa hewa, mwisho inanata kama halua ya juzi. Ukishapata mito mipya, usiitundike hedifoni kwenye msumari wa dirishani. Ifute kwa kitambaa kikavu ukimaliza kazi, uiweke ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, na utie humo vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Watu huvitupa. Mimi naviomba madukani.

Unapokwenda kununua mito, chukua hedifoni yako mkononi au pima kikombe kwa milimita, urefu na upana, maana mto wa duara haukai kwenye kikombe cha yai. Utaonyeshwa ya mahameli pia. Ni mizuri kwa joto letu na haibanduki, lakini hupitisha hewa zaidi kuliko ya ngozi, kwa hiyo besi itapungua tena na utarudi kwenye mchezo ule ule wa kulipandisha dufu. Kama ya asili ilikuwa ya ngozi, rudishia ya ngozi.

Jeki ni kazi ya dakika ishirini kwa fundi wa simu anayejua kuchomelea kwa risasi. Sauti kurudi ukikunja waya maana yake nyuzi zimekatika hapo hapo kwenye shingo ya jeki, kwingine waya ni mzima. Akate kama vidole vitatu vya waya, atupe kile kipande, afunge jeki mpya. Ila simama umtazame. Ndani ya waya wa hedifoni nyingi nyuzi zimepakwa rangi, moja nyekundu, moja kijani au buluu, na moja ya shaba. Rangi hiyo ni vanishi, haipitishi umeme. Asipoiunguza kwanza kwa ncha ya pasi ya kuchomelea, risasi itakaa juu juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba, na wiki haiishi upande wa kulia umekata tena. Kwenye jeki, ncha ni ya sikio la kushoto, pete inayofuatia ni ya kulia, shina ni la wote wawili. Akipishanisha, mwimbaji aliyesimama kulia utamsikia kushoto, na hilo kwa anayetengeneza rekodi si dogo.

Sasa hiyo DT 770 Pro. Hedifoni nzuri, sitamsingizia mtu. Lakini muuza duka amekuuzia hadithi ya ohm. Ohm ni upinzani tu, inasema hedifoni inataka msukumo wa namna gani kutoka kwa kifaa kinachoiendesha. Mtengenezaji yule yule, kwa jina lile lile, anatoa za ohm 32, ohm 80 na ohm 250, na hakukusudia ya 32 iwe ya masikini na ya 250 ya tajiri. Ya 250 inataka volti nyingi zaidi ili ifikie sauti ile ile. Tundu la hedifoni la laptopu za kawaida halina volti hizo. Utafika nyumbani, utachomeka, utapandisha sauti hadi mwisho, na utasikia kama mtu anayesoma kasida nyumba ya pili. Baada ya hapo utarudi dukani kuulizia amplifaya, na nadhani hilo muuzaji alikuwa analijua. Kwa laptopu yako, ya ohm 32 au 80 ndiyo ya kutazama, ikifika siku hiyo.

Za rafiki yako za Bluetooth nazipenda kwa safari ya boti ya Pemba. Kwa kazi yako hazifai, na sababu ni moja: zinachelewa. Sauti inabanwa, inarushwa hewani, inafunguliwa upande wa pili, na safari hiyo kwa hedifoni nyingi hula hata sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa mtu anayesikiliza mawaidha si kitu. Kwa mtoto anayeimba huku anajisikia masikioni ni balaa, atajifuata mwenyewe nyuma kama anayeitikia mwangwi, na dufu litapoteza mwendo. Tena betri ya ndani huchakaa kila ikichajiwa, na joto huiharakisha, ilhali yenye waya ukiitunza inakuzika.

Hapo ndipo penye swali lako lenyewe, la lini mtu abadilishe. Simu ya miaka minne imezeeka kwa sababu programu zimeikimbia. Hedifoni haikimbiwi na kitu, sikio la binadamu ni lile lile. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991, bado inauzwa na bado utaiona vichwani mwa mafundi wa sauti. Sennheiser HD 600 ni ya mwaka 1997, watu wanaisifu mpaka leo, ingawa wewe usiinunue: vikombe vyake viko wazi, sauti itatoka iingie kwenye maiki yako. Kwa hiyo usihesabu miaka. Mimi hujiuliza kama ninaweza kulitaja kwa jina lile ambalo hedifoni inanificha. "Imechoka" si jina. "Nataka iliyo bora" ndiyo kabisa. Jina ni kama hivi: nimeshaitia mito mipya na jeki mpya, nimetengeneza kazi tatu, nimezisikiliza kwenye gari, kwenye spika ya simu na ukumbini, na kila mara herufi za "s" zinachoma masikio ya watu ilhali kwangu zilikuwa laini. Mtu akiniletea sentensi hiyo namwambia nenda kanunue, na dukani atajua anatafuta nini. Wewe sentensi yako kwa sasa ni "dufu silisikii," na dawa yake ni sponji na ngozi ya bandia.

Nakuongezea la maiki, kwa sababu naogopa mito itakutibu nusu. Umeniambia una maiki moja. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 hakukuwa na kupandisha chombo baadaye. Sauti iliingia kwenye sahani ya santuri jinsi ilivyosikika chumbani, na aliyekaa mbali alibaki mbali daima. Fanya kama uko nao. Watoto waweke mbele ya maiki, nusu duara, wenye sauti nyembamba hatua moja karibu zaidi. Mpiga dufu mrudishe nyuma yao hatua tatu au nne, na dufu lenyewe uso wake usiielekee maiki. Rekodi nusu dakika, sikiliza, msogeze, rekodi tena. Dufu ukilipunguza kwa miguu ya mpigaji hutalazimika kulipunguza kwa laptopu usiku wa manane, na huko kwenye laptopu ukilikata unakata na vifua vya watoto pamoja nalo.

Nyuki wa kwenye kopo ni umeme. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wa chini namna hiyo mara nyingi ndio huo unapenya kupitia chaja. Rekodi ukimya wa dakika moja chaja ikiwa imechomekwa, kisha chomoa chaja urekodi dakika nyingine kwa betri tupu. Nyuki akiondoka, siku za kurekodi ijaze betri mapema na ufanye kazi bila chaja. Asipoondoka, usogeze waya wa maiki mbali na nyaya za umeme na adapta, usiulaze sambamba nazo. Hedifoni mpya haimuondoi nyuki. Itakuonyesha tu kwamba ana watoto.

Hilo la masikio kulia umeliita dogo, mimi ndilo lililonitia wasiwasi. Mito inayovuja inatoa besi nje na inaingiza kelele za barabarani na feni, kwa hiyo bila kujijua unapandisha sauti ushindane nazo, saa tatu, saa nne, mfululizo. Shirika la Afya Duniani linaweka kiasi cha salama kwa mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima. Ukipanda hadi 90, kiasi hicho kinashuka hadi saa 4 kwa wiki, na wewe saa hizo unazimaliza kwa usiku mmoja. Sina kipimo cha chumba chako, ila mtu akikuita kutoka mlangoni kwa sauti ya kawaida usimsikie kabisa, punguza. Vua kila baada ya dakika arobaini, katoke kwenye roshani. Mlio ukikukuta asubuhi bado upo, au ukawa wa sikio moja tu, acha kazi uende kwa daktari wa masikio, usingoje maulidi yapite. Hedifoni zina vipuri. Masikio hayana.

Na laki nane. Hizo mlishaziahidi, na ahadi ya upatu ndani ya nyumba ni deni kama deni jingine. Hata ningeona hedifoni inahitajika, ningekuambia ichume yenyewe: kila kazi ya maulidi weka pembeni kiasi, zikifika tatu nne utakuwa na pesa yake na utakuwa umeshaijua ile sentensi yako. Friza itaanza kuleta pesa wiki ya kwanza. Hedifoni ya ohm 250 itaanza kwa kuomba amplifaya.

Kesho ukitoka skuli pitia kwa yule muuza duka. Mwombe elfu 50 yako kwa uzuri. Akisema pesa hairudi, usigombane naye, mwambie basi akupe mito ya kipimo chako, jeki moja ya chuma na mfuniko wake wa chemchemi, na kinachobaki umlipe fundi. Kama hakukupunja, itatosha. Kisha itengeneze upya ile kasida na umpelekee Maalim bila kumdai kitu. Halafu tafuta vijana wanne wenye migongo, kwa sababu friza kupanda ghorofa ya nne si mchezo, na umwambie mkwe wangu barafu za mwanzo ni za wale watoto uliowazamisha.

Ami yako